Msumeno Mkongwe Hauna Hatia



Katika toleo lililopita la gazeti letu hili dogo ndugu mmoja aliandika maneno makali juu ya misumeno ya injini ya zamani, hii tuiitayo pawaso. Alisema ya kwamba yote ikusanywe na kutupwa katika Mto Tana, na mwanachama atakayeishika tena ahesabiwe kuwa amewasaliti wenzake. Twamjua ndugu huyo, na sababu ya uchungu wake twaijua: mkono wake wa kulia umebaki na vidole vitatu. Hakuna mtu hapa Golbanti awezaye kumcheka. Lakini mimi nampinga, tena nampinga waziwazi, kwa kuwa amemshitaki asiye na hatia, na mwenye hatia amemwacha akikaa kivulini anakunywa chai.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Sisi tunaoshika pawaso katika nchi hii ya chini ya Garsen si wezi wa miti. Wale waingiao msituni usiku na kuangusha mikuyu ya kando ya mto, mahali walalapo kima wa aina mbili wasiopatikana pengine popote duniani, hao wana kesi yao na serikali, nami siwatetei. Sisi ni vibarua wa mchana. Twakata mathenge, mti ule ulioletwa nchini miaka ya 1970 na 1980 kwa nia njema, nao sasa umefunga njia za ng'ombe na kumeza mashamba. Twapasua mbao za miembe iliyokufa. Twaondoa magogo yaliyoachwa na maji, kama baada ya mafuriko ya 2018, na yale ya mwisho wa 2023, na yale ya 2024. Tajiri hutoa msumeno, nasi twatoa mikono. Huo ndio mkataba, ingawa mara nyingi haukuandikwa popote.

Na misumeno tupewayo ni mikongwe, kweli. Mingi ni ya ukoo wa Stihl 070. Kampuni ya Andreas Stihl ilianza Ujerumani mwaka 1926. Mwaka 1959 ikatoa msumeno uitwao Contra, wa kushikwa na mtu mmoja, na katika ukoo huo ikazaliwa 070 mwishoni mwa miaka ya 1960. Silinda yake ina upana wa milimita 58 na pistoni hutembea milimita 40. Ndugu yake mkubwa, 090, ana silinda ya milimita 66 na mwendo ule ule wa 40. Mashine hizi zimepasua mbao Afrika na Asia kwa zaidi ya nusu karne. Ni nzito, zina kelele, na jioni mgongo wako wajua kwamba ulikuwa nazo. Lakini zilitengenezwa ili zifunguliwe. Fundi akikaa chini ya mwembe na spana zake na kipande cha gunia cha kupangia skrubu, kabla ya adhuhuri ameona kila kitu kilichomo. Hii mipya ya bei rahisi inayoletwa sasa, yenye mwili wa plastiki, wengi wetu tumeiona ikianza kazi kiangazi na kufikia masika ikiwa mchezo wa watoto. Kwa hiyo ndugu yetu asemapo ya kwamba kila kilicho kikongwe ni kibovu, namwuliza: na kile kipya kilichokufa kabla ya mwaka, utakitupa mto gani?

Sasa nifike kwenye shina la jambo.

Msumeno una spea za namna mbili. Namna ya kwanza ni zile ambazo zikikosekana mti haukatiki: pistoni, ringi, plagi, kabureta, cheni, baa, kamba ya kuwashia. Namna ya pili ni zile ambazo zikikosekana mti wakatika vile vile, ila mtu ndiye yumo hatarini: breki ya cheni, kinga ya mkono wa mbele, kile kijino cha chini kinachoikamata cheni ikikatika, kufuli ya kitufe cha mafuta, mafla, na zile raba zinazotenganisha mishikio na injini ili mtetemo usipande mikononi. Tazameni sasa msumeno wowote wa tajiri, tazameni kwa macho yenu. Pistoni ni mpya. Cheni ni mpya. Raba zimeoza, na mahali pake pamefungwa waya au kipande cha tairi. Kijino cha kukamata cheni hakipo tangu msumeno ulipokuwa wa mtu mwingine. Mafla imetobolewa ati ipumue. Namna ya kwanza hununuliwa siku ile ile, hata kama ni kupanda basi kwenda Malindi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen. Namna ya pili ina jibu moja siku zote: "Kwani umeshindwa kukata bila hiyo?"

La, tajiri, hatukushindwa kukata. Na hapo ndipo penye ubaya. Kila siku tukatayo bila hiyo twakuwekea akiba ya fedha, na akiba hiyo yatoka katika vidole vyetu.

Ndugu mwingine atasema: misumeno ya zamani sana haikuwa na breki hata ilipotoka kiwandani. Ni kweli. Breki ya cheni ilianza kuenea miaka ya 1970, na mashine nyingi zilizotangulia hazina mahali pa kuifunga. Mimi sitawadanganya kwamba fundi wa Garsen ataichonga. Msumeno kama huo una kazi yake: kupasua gogo lililolala chini, limetiwa kabari, na mtu amesimama imara. Haufai kukatia matawi. Haufai kutumiwa juu ya ngazi, wala ndani ya mtumbwi, wala katika kichaka cha mathenge ambapo ncha ya baa yaweza kugusa tawi usiloliona, na msumeno ukarushwa juu kuelekea shingo yako kabla hujafumba jicho. Mwenye kumpeleka kibarua katika mathenge na msumeno usio na breki asituambie habari za ajali. Amechagua.

Nitaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe, kwa kuwa nimechoka kulisikia likirudiwa kwa vijana. Nilikuwa kibarua wa tajiri mmoja, simtaji. Siku ya nne ya kazi msumeno ukashika: pistoni imekwaruzwa, ringi zimeganda. Tajiri akaja, akaitazama pistoni, akasema, "Kijana, hukutia oili." Nikamwambia, "Mzee, nilitia, na mwenzangu aliniona nikipima." Akasema pistoni haisemi uongo. Nikakatwa mshahara wa siku tisa. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na mwezi ule tuliishi kwa maembe na kwa huruma ya shemeji.

Baada ya miezi msumeno ule ule uliwaua pistoni nyingine mikononi mwa mtu mwingine, ndipo fundi mmoja mzee akaufungua mpaka chini. Sili za ekseli zilikuwa zimekauka na kupasuka kama udongo wa mbuga. Hewa ilikuwa ikiingia kwa pembeni, petroli ikawa haba kuliko hewa, moto ukazidi, pistoni ikavimba na kukwaruzika. Ungalitia oili ya dunia nzima usingaliiponya. Mshahara wangu haukurudi.

Basi shikeni hili, ndugu, na mwafundishe vijana. Pistoni iliyokwaruzwa upande wa kutolea moshi yasema kwamba kulikuwa na moto mwingi. Haisemi ni nani aliyeuleta. Oili ikikosekana huleta moto huo, na sili mbovu huuleta pia, na gasketi iliyopasuka, na kabureta iliyokazwa mno. Dalili za hewa kuingia huonekana mapema: unaachia kitufe cha mafuta na injini yakawia kushuka; inapiga mbio peke yake ikishapata joto; ukiulaza msumeno ubavuni sauti yabadilika. Ukiona hivyo zima, uweke chini, mwambie msimamizi mbele ya shahidi. Fundi aweza kuziba mdomo wa moshi na wa kabureta, akatia hewa kidogo kwa pampu, akapaka maji ya sabuni penye sili. Mapovu yakitokea, kesi imekwisha. Kipimo hicho chachukua muda mfupi kuliko kupika ugali, na bila kipimo hicho asikubali mtu kukatwa hata shilingi.

Nasi hatuombi hisani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema mwajiri aweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi! Sili iliyozeeka ina makusudi gani ya kibarua ndani yake? Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yamtaka mwajiri atoe mitambo iliyo salama, na tena aitunze ibaki salama. Neno la pili ndilo walisahaulo. Kutunza ni kununua raba. Kutunza ni kurudisha kijino cha cheni. Haikuandikwa popote kwamba mtambo ukiwa mkongwe wajibu huo hupungua. Na wale waambiwao "wewe ni kibarua tu, huna haki" wajue kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia jumla ya mwezi mmoja, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira chamhesabu kuwa mtu wa mkataba wa mwezi.

Lakini sasa nigeuke upande wetu, maana si haki kumpiga tajiri peke yake. Hata sisi tuna ujinga wetu, na ujinga huo ndio umsaidiao. Twaambiwa "spea hii yaingia", nasi twaifunga kwa sababu imeingia. Kuingia si kufaa. Mguu waingia katika kiatu cha mtoto ukikata vidole.

Cheni, kwa mfano. Cheni ina namba tatu, nasi twanunua kwa kutazama urefu tu. Ya kwanza ni hatua yake: pima kutoka katikati ya riveti ya kwanza hadi katikati ya riveti ya tatu, ugawe kwa mbili. Ukipata milimita 10.26 hiyo ndiyo iitwayo .404, cheni ya misumeno mikubwa kama 070. Ukipata 9.3 ni ile ya tatu juu ya nane. Ukipata 8.25 ni .325, ya misumeno midogo. Hatua ya cheni lazima iwe sawa na ya gurudumu linaloizungusha. Zikitofautiana cheni hupanda juu ya meno, hula gurudumu, hurukaruka, na mwisho huchomoka. Namba ya pili ni unene wa ndimi za chini ziingiazo katika mfereji wa baa: 1.3, au 1.5, au 1.6. Ulimi mwembamba katika mfereji mpana huyumba na mbao hutoka imepinda, kisha wewe waitwa mvivu. Namba ya tatu ni hesabu ya ndimi hizo. Zihesabu, usikisie. Na yule aungaye vipande vya cheni mbili tofauti kwa kugonga riveti na nyundo juu ya jiwe, huyo simwiti fundi. Kadhalika yule akatae kunoa jino na badala yake alipige tupa lile pembe dogo lililo mbele ya jino ili msumeno "ule zaidi". Pembe hilo ndilo lizuialo jino kuuma kupita kiasi. Ukilimaliza umeualika msumeno ukurudie usoni.

Beringi na sili ni jambo jepesi kuliko wengi wadhanivyo, na hapa ndipo twaibiwa. Muuzaji akikuuliza "ni ya msumeno gani?" halafu akisikia jina kubwa, bei yapanda. Usimtajie msumeno. Beringi imeandikwa namba ubavuni. Isafishe kwa petroli uisome. Sili ina vipimo vitatu: tundu la ndani, upana wa nje, na unene. Nenda Mombasa kwenye duka la beringi, taja namba na vipimo, maana duka hilo huuzia pikipiki na pampu na mashine za kusaga, nalo halijali mashine yako ilizaliwa wapi. Hivyo hivyo kabureta. Usitafute spea kwa jina la msumeno. Tazama mwili wa kabureta yenyewe, imepigwa chapa, Tillotson au Walbro, na herufi na namba. Ile ngozi nyembamba ya ndani, inayocheza kama ngozi ya ngoma, hukauka kwa miaka, na pakiti ya kuibadilisha hufuata namba hiyo. Plagi nayo tazama urefu wa uzi wake. Plagi ndefu mno yagonga pistoni.

Na oili, ili tusigombane tena: kwa oili ya kawaida ya injini za namna hii, msumeno mkongwe hutaka sehemu moja ya oili kwa 25 za petroli, yaani mililita 200 kwa lita 5. Ile moja kwa 50 ni ya oili maalumu ya wenye kiwanda. Chupa ya soda si kipimo.

Juu ya spea za kuiga kutoka China nimesikia makelele mengi. Sikatai spea kwa sababu ya pasipoti yake. Nyingine ni nzuri, na bila hizo nusu ya misumeno ya mto huu ingalikuwa vyuma chakavu. Lakini ifungue kabla ya kuilipia. Pitisha kidole katika milango ya silinda: kingo zikiwa kali kama wembe, ringi itanasa na kuvunjika, basi zilainishwe kwanza au uirudishe. Vile vipete vidogo vishikavyo pini ya pistoni, vikiwa laini na kupindika kwa mkono, vitupe, utafute vilivyo bora. Kimoja kikichomoka ndani kimekula silinda nzima. Na silinda ya 090 usiifunge juu ya pistoni ya 070 kwa kuwa misumeno hiyo ni ndugu. Milimita 66 si 58. Ndugu nao hawavai suruali moja.

Huenda tajiri akasema, haya ni maneno ya mafundi, kibarua wa kukata miti yamhusu nini? Nitamjibu kwa habari ya mkata miti. Mwaka 1946 Joseph Cox, mkata miti wa Oregon huko Marekani, alimtazama funza wa mdudu alaye mbao, akaona jinsi taya zake zinavyokata kushoto na kulia ndani ya mti mgumu. Akatengeneza cheni yenye meno ya mfano huo, na mwaka 1947 akaanza kuiuza. Cheni karibu zote tutumiazo leo ni wajukuu wa cheni hiyo. Aliyeivumbua ni mtu aliyekuwa akichoka kunoa cheni mbaya. Kwa hivyo asituambie mtu kwamba ashikaye msumeno hana neno katika kuchagua spea. Ndiye mwenye neno la kwanza, kwa kuwa ndiye atakayekuwa karibu nayo itakapokatika.

Nirudi kwa ndugu yetu wa vidole vitatu. Kwa ruhusa yake nilikwenda kuutazama msumeno uliomkata. Bado upo, bado wafanya kazi, umeshikwa na kijana mwingine. Si wa zamani sana. Una breki, na breki ni nzima. Tuliufungua mbele ya watu wanne. Cheni aliyopewa siku ile, ambayo mwenyewe aliihifadhi katika mkebe, ni vipande viwili vya cheni tofauti vilivyounganishwa kwa riveti ya kugongwa. Ndimi za kipande kimoja ni 1.5 na za kingine ni 1.6. Ilikatika penye kiungo. Ikarudi nyuma kwa chini, kama cheni zote zikatikazo zirudivyo, mahali ambapo kile kijino cha kukamata kingaliipokea. Kijino hakikuwapo. Tundu la skrubu yake lilikuwa limejaa matope ya mafuta, yamekuwa magumu kama mawe, maana yake kijino kilikosekana siku nyingi kabla ya ndugu yetu kuajiriwa. Ni kipande cha bei ndogo kuliko zote katika mashine nzima. Hivi je, ni msumeno uliofanya hivyo?

Basi nasema tusitupe kitu mtoni. Nataka tawi letu liwe na daftari moja, na katika daftari hilo kila msumeno uandikwe: chapa, namba ya kabureta, namba za beringi, vipimo vya sili, namba tatu za cheni, na mbele yake, kwa mstari mwekundu, kila spea ya namna ya pili iliyokosekana. Mwanachama asiushike msumeno wenye alama nyekundu mpaka tajiri ainunue, na kamati impelekee tajiri orodha kwa maandishi, nakala moja kwa ofisa wa kazi. Misumeno mibovu kabisa tuombe tuuziwe kwa bei ya chuma. Kwa miwili iliyokufa fundi huweza kuinua mmoja, nao uwe wa chama, wa kukodishwa kwa wanachama. Na mashahidi wa kipimo cha hewa wawe wawili, mmoja wa tajiri na mmoja wetu.

Nimekwisha kuzungumza na ndugu niliyempinga. Alikaa kimya muda mrefu, akaupeleka mkono wake mfukoni, kisha akaniuliza kalamu nyekundu itanunuliwa na nani. Nimemwambia nitaileta mimi, na daftari atalishika yeye.